Mziki mpya kwenye gari ulivyonitesa wiki ya kumpeleka baba mkwe kutolewa mtoto wa jicho

Wakuu, habari za humu. Na dada zangu mnaosoma bila kukomenti, nawaona pia.

Jana kuna mwenzetu kauliza kwa nini gari lake linaamka limekufa tangu afungiwe mziki. Nimesoma majibu yenu yote. Nusu mmemwambia anunue betri mpya, nusu mmemwambia auze gari. Nimelala na hilo jambo, nimeamka nalo, nimeshindwa kukaa kimya.

Ninachoandika kilinikuta mimi mwenyewe, sio rafiki yangu wala jirani. Na shahidi yupo. Mume wangu ni member humu, anasoma kimya kimya na hajawahi kulike post yangu hata moja. Akiona nimetia chumvi aje aseme.

Twende.

Ni miaka ile biashara imefunguliwa, magari yaliyotumika Japani yanashuka bandarini kila meli, na Arusha nzima kila mtu ana binamu anayeagiza gari. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia, lakini ukitoka nje ya mji kidogo inabaki kuwa saa tu.

Mimi ni Mchaga, nimezaliwa na kukulia Kaloleni. Nimeolewa na Mmeru. Tulikuwa tumepanga Kijenge, mimi nauza mashuka na mapazia ya mitumba kwenye mnada wa Kwa Mrombo, na mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa watalii. Maana yake msimu ukichanganya yeye yuko porini, na mimi ndio mama na ndio baba.

Gari letu lilikuwa saloon nyeupe ya Kijapani, otomatiki. Aina siitaji, wenye chapa yao humu ni wakali. Ila shikeni hilo neno otomatiki, maana karibu litumalize.

Sasa nimlete baba mkwe.

Mzee anaishi juu mlimani Meru, kwenye kahawa na migomba yake. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Miaka mingi alipiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wa Kilutheri, lile tarumbeta kubwa kabisa la besi linalomzunguka mpigaji mwili mzima. Macho yalipofifia akashindwa kusoma noti. Jumapili moja akalirudisha tarumbeta kanisani mwenyewe, hakuaga mtu.

Tangu hapo akawa wa kukaa barazani. Hataki kushikwa mkono. Anajigonga kwenye ndoo halafu anaigombeza ndoo.

Kumpeleka hospitali ilikuwa vita. Mara ya kwanza wanawe walimdanganya kwamba wanampeleka kupimwa miwani. Kufika akasikia watu wanaongelea kisu, akatoka kwa miguu, akipapasa ukuta. Akaapa hapandi tena gari la mtoto wake yeyote.

Na hapa ndipo penye moto. Hospitali moja ya misheni ilikuwa inapokea madaktari wa macho wageni, wanakaa siku chache wanaondoka, mpaka mwakani. Nesi alishatuambia jicho la kulia lisipofanyiwa safari hii, mwakani huenda kusiwe na cha kuokoa. La kushoto ndio hata halikuwa na matumaini makubwa.

Nikapanda mlimani mwenyewe. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamwambia ukweli wote.

"Baba, ni kisu. Watakuchoma ganzi. Utasikia wanagusa, ila maumivu hutasikia."

Akageuzia uso kwenye migomba, kama hayupo. Kwetu Uchagani tungesema meku, yaani mzee, ameondoka. Halafu akasema, "Utanipeleka wewe. Sio hao. Na ukinizungusha mama Neema, mimi sirudii. Usije tena kunibembeleza."

Nikakubali. Nimeshuka mlima ule moyo unanidunda, maana mzee yule akisema sirudii, harudii.

Baba Neema kusikia baba yake amekubali kupanda gari letu, akapagawa kwa furaha. Kabla hajaenda porini akalipeleka gari mjini kwa fundi redio. Akarudi nalo limefungwa redio mpya, amplifaya na sabufa kubwa imejaa buti nzima. Mashuka yangu ya mnadani nitapakia wapi, hakuwaza.

Nilitaka kuanza ugomvi, akaniwahi. Akaweka kaseti ya bendi ya matarumbeta ya usharika wao.

"Sikiliza hiyo besi. Redio ya mwanzo ilikuwa haiitoi kabisa. Nataka mzee aisikie akiwa njiani, asiogope."

Mtaniambia nini hapo? Ugomvi ukaishia hapo. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga.

Asubuhi yake akaondoka na wageni wake. Kesho yake gari halikuwaka.

Nazungusha ufunguo, tak. Nazungusha tena, tak. Taa za dashibodi zinafifia kama zinasinzia. Vijana wa Kijenge wakajitokeza, unajua tena, "sista tukusukume?" Nikawaambia ni otomatiki. Mmoja akasema otomatiki nayo ni gari, itasukumika. Ikasukumika kweli mpaka mtaa wa pili na haikuwaka.

Jirani akaniboosti kwa waya kutoka kwenye betri yake. Nikaenda moja kwa moja Kaloleni kwa Fundi Shabani, fundi umeme wa magari ninayemfahamu tangu nasoma. Akapima, akasema betri imezeeka.

Nikanunua betri mpya. Gari likawaka fresh, nikaimba njia nzima mpaka Kwa Mrombo.

Asubuhi iliyofuata likawaka, ila kwa uvivu. Iliyofuata hiyo, tak.

Wakuu, mnajua ile hali ya kukosa raha mpaka chakula kinakuwa kama karatasi? Siku ya mzee inasogea. Mume hapatikani. Niko sokoni mteja ananiuliza bei ya shuka namjibu bei ya betri. Nikipita karibu na gari nasimama kulitazama, nafungua boneti, nafunga. Sijui natafuta nini, ila nafungua.

Nikarudi kwa Shabani. Akasema, "Huu sasa ni mziki. Nenda kwa aliyefunga."

Nikaenda kwa aliyefunga, kijana mmoja wa pale Kaloleni karibu na uwanja, tumwite Besi. Besi akawasha mziki kwa sauti ya kubomoa ukuta. "Dada unasikia? Mziki uko safi. Tatizo ni gari. Nenda kwa fundi umeme."

Nikamwambia fundi umeme ndiye aliyenileta kwako. Akasema basi huyo sio fundi.

Hili ndilo tatizo letu hapa mjini mpaka leo. Fundi redio hataki kufungua boneti, fundi umeme hataki kugusa redio. Gari linabaki katikati, kila mmoja anakunyooshea njia ya kwenda kwa mwenzake, na wewe unakanyaga mafuta.

Basi asubuhi moja nimeamka na hasira. Ufunguo sijagusa hata. Nikafungua buti kutoa nailoni zangu za kufungia mashuka, mkono ukagusa amplifaya.

Ina joto.

Gari limelala usiku kucha limezimwa, redio imezimwa, nje baridi ya Arusha ile ya kuvaa sweta mbili, halafu amplifaya ina joto kama kuku anayelalia mayai!

Nikasimama pale nimeishika. Kitu cha chuma hakipati joto bure. Huyu alikuwa macho usiku mzima.

Sikwenda kwa Shabani wala kwa Besi kwanza. Nilikuwa nimemwona Shabani anavyopima kwa kale kataa kadogo ka kupimia umeme, kenye waya mbili, waya mmoja unaushikiza kwenye chuma cha gari, wa pili unagusa unapotaka kujua kama kuna umeme. Nikaazima kwa jirani. Amplifaya ilikuwa na waya mnene wa umeme, waya wa kwenda kwenye bodi, na kiwaya kingine chembamba cha buluu. Nikagusa kile chembamba, gari limezimwa, redio imezimwa. Taa ikawaka.

Kwa wasiojua: kile kiwaya ndicho kinachoiamsha amplifaya. Kinatakiwa kipate umeme redio ikiwashwa tu, redio ikizimwa nayo ilale. Besi alikiunga kwenye waya wenye umeme muda wote. Kwa hiyo sisi tunalala, amplifaya inakesha inanyonya betri.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nilimshika mkono nikamwekea juu ya amplifaya. Akacheka, akasema "aaah, hako ni kadogo tu," akakahamisha fasta fasta huku anaongea na mteja mwingine.

Kweli, asubuhi iliyofuata gari likawaka mara moja. Na iliyofuata pia. Nikagusa amplifaya, baridi. Niliibusu wakuu. Sioni aibu kusema.

Na hapo ndipo nilipobugi. Nilipata tatizo moja nikaona nimemaliza yote. Ule waya mnene unaotoka kwenye betri mpaka buti sikuuangalia kabisa. Gari si linawaka? Basi.

Siku yenyewe ikafika.

Nikapanda mlimani asubuhi na mapema. Kule kwa wakwe kuna utaratibu mmoja, na nyie wa mlimani mtanielewa: gari halipaki likiangalia juu. Haijalishi gari la nani. Ukifika unageuza, pua inaangalia bondeni, jiwe chini ya tairi. Wameishi miaka yote na mapikapu ya zamani ambayo betri zake zilishajifia. Asubuhi unatoa jiwe, linaserereka, unaingiza gia, linawaka. Wao mteremko ndio stata.

Shemeji yangu Elia, mdogo wake mume wangu, alikuwa na pikapu ya dizeli ya kubebea kahawa, ya kizamani kabisa, ile ya kuvuta waya ndio izime. Inapaki upande wa juu wa nyumba, pua chini, jiwe kwenye tairi. Mimi niliposimamisha gari langu likiangalia juu akaja mbio kuniongoza nigeuze. Nikageuza.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umekuja kweli."

"Nilisema nitakuja."

Mzee kavaa koti la Jumapili na kofia. Mama mkwe kampikia loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, hakula, maana tuliambiwa asile. Mzee akaomba sala ndefu, mpaka ng'ombe akaitika. Mimi mguu unapigapiga chini wenyewe. Nesi alisisitiza tuwahi, wakishaanza kazi hawaongezi mtu.

Tukamkalisha mbele, pembeni yangu. Elia akakaa nyuma. Nikaweka kaseti.

Ile besi ilipoingia, mzee akageuza kichwa pole pole. Akaweka kiganja kwenye mlango, pale spika inapotetemeka. Vidole vilianza kubonyeza hewani, kama anapiga yeye. Nikamwona Elia kwenye kioo anaangalia nje ya dirisha.

Barabara ya kule wakati ule ilikuwa mawe na makorongo. Tumeshuka kidogo tu, mziki ukakatika. Ukarudi. Tukaruka jiwe, ukakatika tena, na taa za dashibodi zikawaka zote kwa mkupuo.

Mzee akasema, "Panaungua."

"Wapi Baba?"

"Hapa miguuni kwangu. Panaungua kitu, nasikia harufu."

Sikuwa nasikia chochote zaidi ya vumbi. Nikataka kumwambia ni breki tu. Kabla sijafungua mdomo, gari likazima. Katikati ya mteremko, kimya. Nikavuta hendibreki.

Ufunguo: tak.

Tak.

Wakuu, nikazungusha tena na tena. Jua limeshapanda, nawaza madaktari wameshavaa glavu. Elia kutoka nyuma, kwa ule uhakika wa watu wa mlimani, akasema, "Shem usihangaike. Weka N, achia breki, ikishika kasi weka D. Itawaka yenyewe."

Mimi najua ni otomatiki. Nilishasukumwa Kijenge mtaa mzima. Lakini mtu ukichanganyikiwa na sauti nyuma yako inasema itawaka, unaachia.

Nikaachia.

Likaanza kuserereka. Nikaweka D, wapi. Likaongeza kasi. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo. Nikakanyaga tena, pedali ngumu kama jiwe, haiingii. Usukani nao mzito, kama umefungwa kamba. Hakuna aliyeniambia kwamba gari hizi injini ikizima, breki na usukani navyo vinakuachia mzigo wote. Elia sasa anapiga kelele "Yesu! Yesu!" na mbele kuna kona, na chini ya kona ni korongo.

Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili nikaiacha imevutwa, nikaning'inia kwenye usukani kwa uzito wangu wote, na mnaonifahamu mnajua sio mdogo, nikalielekeza kwenye migomba ya watu upande wa juu.

Tukaingia. Majani, vishindo, mkungu ukaanguka juu ya boneti. Likasimama.

Vumbi likatua. Halafu mzee, kofia imeshuka usoni, akauliza:

"Tumefika?"

Nilicheka wakuu. Nilicheka huku nalia. Elia hakucheka, alikuwa nje ameshika magoti.

Mzee alipoelewa hatujafika akakunja uso. "Mama Neema. Gari linawaka au haliwaki?"

Hapo ndipo niliona kila kitu kinaondoka. Nikimwambia linawaka na lisiwake, nimekuwa kama wanawe. Nikimwambia haliwaki, atashuka arudi kwa miguu, na jicho ndio basi.

"Baba, sijui. Sitakudanganya. Sijui kama litawaka. Naomba unipe nafasi nitafute."

Akafikiri. Akashika mlango. Nikajua anashuka.

"Nitakaa humu humu," akasema. "Nikishuka, sipandi tena. Kwa hiyo tafuta."

Basi mzee kakaa kwenye kiti, mikono kwenye mapaja, kama yuko kanisani, na mimi nikaanza kufanya kazi nikizunguka miguu yake.

Nikaanza na harufu aliyoisema. Nikainua zulia la chini ya miguu yake, na mimi sasa nikaisikia, harufu ya plastiki iliyoungua. Ule waya mnene wa amplifaya ulikuwa unapita pale. Besi alikuwa ametoboa tundu kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu, akaupitisha waya kavu kavu. Hakuweka mpira wa kuukinga. Kila tulipokuwa tunaruka jiwe, ukingo wa tundu ulikuwa unausaga waya, mpaka ganda likaisha na shaba ikagusa chuma.

Hiyo ni shoti ya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ganda lilikuwa limeyeyuka, na zulia lilikuwa na alama nyeusi karibu kabisa na kiatu cha mzee. Nilipoiona alama ile nilikaa chini kwenye majani ya mgomba. Tungeendelea mbele kidogo, kiatu kingeshika moto na asingeona.

Fyuzi ilikuwepo, msije mkasema hakuweka. Aliiweka kule buti, karibu na amplifaya. Fyuzi ya kule inalinda amplifaya. Waya wote kutoka betri mpaka kule ulikuwa hauna mlinzi.

Nikamwambia Elia aung'oe waya ule kwenye betri kabisa. Akaung'oa, tukaufunga nailoni za mashuka yangu. Nikajaribu ufunguo. Tak. Sasa sio shoti tena, ni betri imechoka. Ilikeshea mziki usiku kadhaa, halafu ikapigwa shoti, imebaki jina tu.

Na otomatiki haisukumiki, tumeshapata somo.

Nikamwangalia Elia. Elia akaniangalia. Nikamwambia, "Pikapu yako inahitaji betri?"

Akafikiri kidogo, halafu akaanza kukimbia kupanda mlima.

Pikapu ya dizeli inayopaki pua chini haihitaji betri kuwaka, wakuu; ya Elia ilikuwa bado nzima, kwa ajili ya taa tu. Jamaa alirudi ameibeba betri kichwani juu ya kanga aliyoivuta kwenye kamba ya mama yake, jasho linamwagika, anapumua kama ng'ombe wa plau. Ule ule mteremko uliotaka kutuua ndio ulioturuhusu kuchukua betri yake bila kumwachia hasara.

Ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake. Tukaifunga kwa kamba ya mgomba. Kucheka ruksa.

Nikazungusha ufunguo huku nimefumba macho.

Likawaka.

Mzee akasema "Amina" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa anasubiri chai.

Majirani wenye migomba walikuwa wameshafika, tukaelewana baadaye. Walitusaidia kulivuta gari kutoka shambani. Tukashuka bila mziki, pole pole, mimi nanusa kama mbwa njia nzima.

Hospitali tulifika mlango wa chumba cha upasuaji unafunguliwa kuingiza mtu wa mwisho. Nesi alinitazama nilivyo, matope mpaka magotini, jani la mgomba kwenye nywele. Nikamwambia, "Nimemleta. Nimemleta huyu."  Akamshika mzee mkono, na mzee ambaye hataki kushikwa mkono akashikwa.

Alipoingia nilienda nyuma ya jengo kutafuta bomba, nikaosha matope. 

Kesho yake wakamfungua bandeji. Jicho la kulia. Alikaa anapepesa muda mrefu, sisi hatupumui. Akamwangalia Elia, akamwambia, "Umenenepa." Akanigeukia mimi. Niliolewa macho yake yakiwa yameshaanza kuingia ukungu, kwa hiyo sidhani kama alishawahi kuniona vizuri.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Njiani kurudi nikaona anaiangalia redio. Nikajisikia vibaya. Mwanawe kahangaika, kafunga ile besi kwa ajili yake, na sasa waya umeng'olewa kwenye betri.

"Baba nisamehe, leo mziki haupo."

"Afadhali," akasema. "Leo nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia. Aliangalia dirishani njia nzima. Nani kang'oa kahawa kapanda nyanya. Nani kaezeka bati jipya. Mlima ulipotokea wazi akanishika bega nipunguze mwendo. Tulipofika kwenye ile kona akashtuka.

"Migomba ya nani hii imelazwa hivi?"

"Ni sisi, Baba."

Akaitazama, akalitazama na korongo la upande wa pili. Mkono wake ukatoka begani kwangu, ukashika dashibodi, na haukuachia tena mpaka nyumbani.

Sasa niwaachie tuliyojifunza, kwa ufupi.

Ukifunga mziki na gari likaanza visa, usikimbilie betri. Asubuhi kabla ya kuwasha, gusa amplifaya. Ikiwa na joto, kile kiwaya cha kuiamsha kimeungwa pasipostahili. Halafu usiishie hapo kama nilivyoishia mimi. Ufuate waya mnene kwa macho yako kuanzia betri mpaka mwisho. Kila unapopita kwenye chuma kuwe na mpira, na fyuzi iwe karibu na betri, sio buti. Na wewe wa mlimani uliyenunua otomatiki: paki pua chini ukipenda, ila usiachie breki injini ikiwa imezima. Usimsikilize aliyekaa kiti cha nyuma.

Kingine. Mtu akisema harufu, simama. Hata kama haoni.

Waliopitia haya ya fundi redio na fundi umeme kutupiana mpira, tiririkeni hapa chini. Na mafundi mliomo humu, nikosoeni nilipokosea, mimi ni muuza mashuka tu.

Kabla sijasahau, kuna mtu ataniuliza mzee aliendeleaje. Miezi kadhaa baadaye tulienda kusali kule juu. Sikuambiwa kitu. Nimekaa na Neema mapajani, bendi ikaanza nje ya kanisa, na ile besi ikapita kwenye benchi mpaka kifuani kwangu. Bila amplifaya. Mama mkwe alinifinya paja, akasema, "Ndiye huyo."

Baba Neema, najua unasoma. Waya wako bado uko stoo, nimeuficha. Usiutafute.